Mama Shukrani na Mgeni wa Kwenye Simu

Mauwa, ambaye kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Malawi, humwita Mama Shukrani, hamwachi mtu atoke kwake na njaa. Ukienda kumuuliza ni saa ngapi, utakula. Ukienda kugombana naye, utakula kwanza, na nani awezaye kugombana tumbo likiwa limejaa? Hata wahubiri wanaopita nyumba kwa nyumba kumtoa kwenye Uislamu huondoka wamebeba maandazi, na yeye bado Mwislamu.

Basi mwanawe Shukrani alipopata kibali cha kuishi nje ya kambi na kazi kwenye ghala moja la Kanengo, jijini Lilongwe, akahamia mtaa wa Area 23, Mauwa alianza kuugua. Moyo ulimdunda akiwa sokoni anauza dagaa wa usipa, ukamdunda akiwa kitandani. Shukrani ana miaka ishirini na sita na kifua kama mlango, lakini mama yake alimpigia simu asubuhi, mchana na jioni kumuuliza amekula nini. Kijana alipoacha kupokea, Mauwa alifunga sufuria ya chakula kwenye blanketi, akapanda basi mpaka Kanengo, akasimama kwenye geti la ghala akiita jina la mwanawe mpaka walinzi wakajifunza kulitamka. Wiki iliyofuata akaenda tena, na iliyofuata tena.

Kwenye zahanati walimpima moyo wakaukuta mzima kabisa, jambo lililomuudhi sana. Muuguzi akamwandikisha kwa mshauri wa mtandaoni, mtu wa kuzungumza naye kwa simu ya video juu ya yale yanayomsumbua, mara tatu, bure. Akamwambia mshauri atakuja Jumatano mchana. Hapo ndipo muuguzi alipokosea, kwa sababu ukishamwambia mtu wa Kindu, kule Kongo, kwamba mgeni anakuja, huwezi tena kumzuia.

Jumatano ile Mauwa alianza kudeki alfajiri. Simu aliisimamisha kwenye kiti kizuri, ikiegemea chupa ya chai, juu ya kitambaa cha kufuma ambacho hutoka sandukuni siku ya Idi tu. Akapika sombe ya majani ya muhogo, wali na kuku mzima. Mshauri alipotokea kwenye kioo, binti wa Kirundi aitwaye Liliane aliyeketi ofisini kwao Lilongwe, alikuta mbele yake sahani iliyojaa asiyoweza kuigusa. Mauwa akamsalimia inavyopasa: habari za nyumbani, za wazazi, za kazi, za mchumba, na kama hakuna mchumba, kuna shida gani. Majirani wakaitwa kumwona mgeni. Mzee Cishahayo wa nyumba ya pili alileta ndizi, akaziinua mbele ya kamera moja moja. Liliane alipopata upenyo wa kuuliza Mama anajisikiaje, Mauwa alijibu kwamba yuko salama, wanamshukuru Mungu. Mgeni hujibiwa nini kingine? Muda ukaisha.

Kuku aliliwa na Idrissa, mume wake, mtu mnene na mtulivu ambaye mpaka asubuhi hiyo alikuwa akisema ushauri wa simu ni upuuzi. Sasa alisema ni sayansi, na kwamba mgonjwa asikatishe matibabu.

Mara ya pili Liliane aliomba, kwa sauti ya mtu anayelipwa ili avumilie, kwamba wakae wawili tu. Mauwa aliwafukuza majirani, akafunga mlango, akaimiminia simu chai. Liliane akauliza waziwazi ni nini kinachomkosesha usingizi. Mauwa akamjibu kwamba mgeni hatwishwi masumbuko kabla hajala. Kisha akasogeza uso kwenye kioo, akaona mashavu ya binti wa watu yameingia ndani, akamuuliza amekula nini leo. Liliane hajui kusema uongo. Alisema mkate, asubuhi. Basi saa nzima ikaishia kwenye maisha ya Liliane, na kabla ya kuagana alikuwa ameshaahidi kununua maharage. Alipokata simu ndipo alipojiuliza ni nani hasa aliyemshauri mwenzake.

Siku mbili baadaye Mauwa alikuwa tena getini Kanengo. Safari hii Shukrani alitoka mwenyewe. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Alimweleza kwamba kazini hakuna anayemwita kwa jina tena. Wanamwita Sufuria. Hata msimamizi akigawa zamu huita, Sufuria, upande ule.

"Mama, chakula yako iko tamu, hata balinzi banajua," alisema. "Lakini ukirudia tena, mi nitaenda kutafuta kazi Blantyre. Kule sufuria haiwezi fika ikiwa moto."

Mauwa alirudi Dzaleka na hofu ya kweli. Alijua kijana hatanii. Alijua pia kwamba wiki ijayo miguu ingempeleka palepale getini, apende asipende, na mwanawe angeondoka.

Mazungumzo ya tatu ndiyo yalikuwa ya mwisho. Idrissa, kwa moyo wake safi, alikwenda mwenyewe kununua kuku, akarudi naye akiwa hai, miguu imefungwa. Akakuta jiko limepoa. Aliuliza kuna msiba gani. Mkewe akamwambia mgeni ni siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Idrissa akatoka na kuku wake, wakakaa nje chini ya dirisha.

Liliane alikuwa amejiandaa. Alianza mwenyewe na habari za nyumbani, za Mzee Cishahayo, za ndizi. Mauwa akamkatiza.

"Liliane mwanangu, leo hautakula," alisema. "Leo utatumika kazi."

Akamweleza habari za Matata, mdogo wake kule Kindu, aliyepita kwake asubuhi moja ya vita akienda kutafuta chumvi. Chakula kilikuwa bado motoni. Mauwa alimwambia angoje kidogo, Matata akacheka, akasema atakula akirudi. Mpaka leo hajarudi.

"Alienda na njaa," Mauwa alisema. "Njo mi nilimuacha aende. Na Shukrani alihama asubuhi, hata moto sikukuwa nimewasha."

Akalia waziwazi, bila kutafuta kitambaa. Liliane hakukimbilia kusema pole. Alingoja mpaka Mama akapenga kamasi, kisha akasema polepole kwamba si njaa iliyomchukua Matata, na kwamba sahani ile ambayo hakuila, Mauwa amekuwa akiwagawia watu wote wa Dzaleka. Halafu naye akampa kazi: amwite Shukrani Jumapili, Shukrani apike, na Mama aketi kama mgeni asinyanyuke.

Shukrani alikuja, akapika nsima, yaani ugali, na usipa. Nsima ilikuwa na madonge, usipa walikuwa na mchanga, na moshi ulikuwa mwingi hata Mzee Cishahayo akaja mbio na ndoo ya maji. Mauwa aliikalia mikono yake. Kila kijana aliposhika mwiko vibaya, alisoma dua kimoyomoyo. Mapishi yakachukua mchana wote, na chakula kilipoiva, Shukrani alitazama saa akashtuka. Gari la mwisho la Lilongwe lilikuwa linajaza abiria, na kesho ana zamu ya alfajiri. Aliwapakulia wazazi wake, akavaa koti, akasema yeye atakula akifika.

Idrissa akaacha kutafuna. Mauwa alikuwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye sahani, wa pili unatafuta mfuko wa plastiki, na moyo ukimdunda mpaka masikioni. Alimtazama mwanawe pale mlangoni. Kisha akairudisha sahani mezani.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Gari itakuacha."

Akaketi akala nsima yake yote, madonge na mchanga, machozi yakimtiririka. Idrissa alimwambia amefanya vizuri sana, kisha akauliza ile ya Shukrani iliyobaki itakuwa ya nani.

Jua lilipokwisha kuzama simu iliita, na Mauwa akaidaka kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa Shukrani. Amefika salama, alisema, yuko chumbani, na njaa inamuuma vibaya.

Mauwa alishusha pumzi ndefu sana.

"Ujipikie," alisema, akaenda kulala.