Jiwe Likikauka

Picha ya binti yetu ipo moja, naye hayumo. Mpiga picha alipita Keroka siku ya soko, akatupanga mbele ya duka: mimi, mke wangu na watoto. Sote tulisimama wima kama nguzo za ua. Binti alicheka, akageuka kumtazama mbuzi aliyekuwa akipita, na picha iliporudi kila mtu alikuwa na sura isipokuwa yeye. Juu ya gauni lake palikuwa na ukungu tu. Nilimbana yule mpiga picha mpaka akaniachia kwa nusu bei, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Surua ilimchukua binti kabla ya mavuno yaliyofuata. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Kazi yangu ilikuwa kununua vinyago vya mawe kule Tabaka na kuviuza Keroka kando ya barabara, kwa wenye malori na kwa wazungu waliokuwa wakielekea Kericho. Viboko, ndovu, sahani. Nilivihesabu nikinunua, nikavihesabu tena nikifungua gunia, maana kiboko wa jiwe naye hupotea njiani kama mwenye miguu. Sikusahau bei, wala ufa, wala mtu aliyenipunja. Asubuhi moja nikifungua gunia nikajaribu kuukumbuka uso wa mtoto, nikakuta sijui kishimo chake cha shavu kilikuwa upande gani. Nikajaribu tena. Hata pua ilikuwa imeanza kwenda.

Nilimfuata mke wangu jikoni. Alikuwa akimenya ndizi.

"Kile kishimo kilikuwa shavu gani?"

"Usiniulize," akasema, na kisu hakikusimama.

Tangu mazishi hakuwa amemtaja, na mimi sikuthubutu kurudia swali. Nikaenda Tabaka kwa fundi niliyemzoea.

"Nichongee uso wa mtoto. Msichana. Mashavu ya mviringo."

Niliporudi alinikabidhi kichwa kilichofumba macho.

"Huyu ana shingo ya twiga," nikasema.

"Wazungu wanapenda shingo."

"Kwani mimi ni mzungu?"

"Kwa ubishi huu, tata, umekaribia," akasema, akiniita baba kwa lugha yetu. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Ni mtoto wako?"

Nilimrudishia kile kichwa. Akanipa kisu kidogo cha kuchongea, kipande cha msasa, na mawe niliyoyachagua mwenyewe. Hakutaka tubishane bei, na hilo lilinitia hofu kuliko maneno yoyote. "Jiwe lisikauke ukilifanyia kazi," akaniambia. "Maji kila mara, la sivyo vumbi litaingia kifuani."

Nikachukua karai la mke wangu la kuoshea vyombo, nikalijaza maji, nikaketi nyuma ya nyumba. Jiwe jeupe lilikuwa laini mno, pua ilivunjika. Jiwe la waridi lilinipa mtoto wa kizungu aliyeungua na jua. Nikafikiri kwamba shida ni rangi. Ndugu yangu wa Gesima alikuwa na shamba la chai, nikamwomba majani, nikayachemsha mpaka maji yakawa meusi, nikaloweka uso. Ulitoka na madoa kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Nikajaribu masizi ya sufuria na samli. Nikajaribu rangi ya viatu. Kila jaribio lilinipa mtoto wa mtu mwingine, na kila mtoto wa mtu mwingine alikuja na uso wake ukausukuma ule wa binti yetu mbali zaidi. Nililijua hilo, lakini sikuweza kuacha. Gunia la viboko lilikaa mlangoni bila kufunguliwa.

Mzee wa kanisa alikuja Jumamosi baada ya ibada ya Sabato, akaziona zile nyuso zimepangwa ukutani.

"Imeandikwa usijifanyie sanamu ya kuchonga."

"Wala siziabudu, mzee. Hata hazijafanana."

Akaniombea, akaenda zake.

Jiwe la mwisho lilikuwa la kijivu chenye wekundu ndani. Alasiri moja nililitoa majini, na alikuwa yeye. Paji la uso, midomo, ule mtazamo wa mtu anayetaka kugeuka. Nilimwita mke wangu kwa sauti ambayo sikuijua. Alikuwa zizini, akaja akijipangusa maziwa mikononi. Upepo ulikuwa ukivuma, jiwe limekwisha kukauka. Mkononi mwangu palikuwa na uso mweupe kama uliopakwa majivu.

"Huyu ni nani?" akauliza, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mimi niliyeuza mawe miaka yote ile nilisahau jambo ambalo kila fundi wa Tabaka analijua: jiwe la majini na jiwe la juani si rangi moja. Ndiyo sababu hupakwa nta, ibaki rangi ya majini. Basi nikalipasha moto kidogo, nikalipaka nta, nikalisugua kwa kitambaa. Likang'aa. Nikamwona akiwa bidhaa. Ningeweza kutaja bei yake papo hapo, ya kuanzia na ya kumalizia. Nikashika msasa nikaikwangua ile nta yote, na midomo ikaondoka nayo. Nikalitumbukiza majini. Sikuona mtu tena.

Nilikuwa bado nimeketi hapo mke wangu alipokuja kudai karai lake. Vyombo vilikuwa vimelala na uchafu, akasema, na yeye si mke wa fundi. Akainama kulitoa jiwe amwage maji. Alilishika kwa nyuma kwa mkono wa kushoto, kama mtu anavyoshika kisogo cha mtoto anayekataa kuoga, na mkono wa kulia ukapita juu ya uso, kutoka paji kushuka shavuni. Hapo dole gumba likasimama. Likarudi juu, likashuka tena, likitafuta.

"Hapa," akasema. "Hapa hapana kitu."

"Shavu hilo?"

"Kidole changu kilikuwa kinaingia hapa kila siku, wewe unaniuliza shavu gani." Macho yake yalikuwa kwenye ua, si kwenye jiwe. "Leta kisu."

Alilishika yeye. Alipoondoa dole gumba nilichonga palepale, kidogo kidogo, naye akajaribu, akasema bado, nikachonga, akajaribu. Maji yalipokauka hatukuongeza mengine. Jiwe likawa jeupe mikononi mwake, halikufanana na mtu yeyote tuliyemjua, na dole lake likaingia.

Lile karai halikurudi tena jikoni. Nilinunua lingine sokoni, kwa bei ya kwanza niliyotajiwa, na muuzaji akaniuliza kama naumwa.