Tairi Zilizoombewa

Kaloki hakuwa mtu wa maneno mengi. Tangu mwaka wa tisini na mbili alikuwa akiziba pancha kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, chini ya mabati mawili na tairi kuukuu iliyotundikwa kwa waya. Wateja walizoea kumwona akifumba macho anapokagua tairi. Alipitisha kidole gumba ubavuni polepole, kama mama anayetafuta jino la kwanza la mtoto, halafu akasema, "Hii bado," au, "Hii imekwenda." Basi.

Jambo lingine walilolijua ni kwamba hakunywa chai ya maziwa. Strungi tu, chai kavu, asubuhi na jioni. Sababu aliijua mkewe Nthambi peke yake. Mwaka wa tisini na saba mwenye pikapu mmoja alimletea tairi iliyokwisha, akamwambia, "Wewe funga tu, fundi. Si ni hapo Ilbisil?" Kidole kilikuwa kimeshasema. Lakini mteja alikuwa mkali, na Kaloki ni mpole, akafunga. Saa sita mchana tairi ilipasuka. Kati ya akina mama waliokaa nyuma na mitungi yao alikuwamo Naserian, aliyemuuzia maziwa kila asubuhi. Hakurudi tena. Na hakuna mtu aliyekuja kumuuliza Kaloki hata swali moja. Hilo ndilo lililomla miaka yote hiyo.

Ikafika elfu mbili na nane. Kanisa lao lilikuwa na nyumba ya magurudumu iliyoachwa na mmishonari aliporudi kwao: trela ndefu nyeupe, yenye vitanda, jiko na mapazia, ambayo shingo yake hupanda juu ikakaa ndani ya pikapu inayoivuta. Ilikuwa imesimama miaka minne bila kwenda popote. Akina mama wanane wakaazimia kuipeleka Magadi, wakae juma zima wakigawa dawa za macho na nguo za watoto. Nthambi alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Akaingia ndani, akawahi mahali pake: kushoto, nyuma, dirishani.

"Mimi hutapika," aliwaambia wenzake. "Msiponipa dirisha mtanijua."

Tairi za trela hiyo zilikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi, na Pasta Nashon akamwomba Kaloki achague nyingine.

"Usiangalie meno, Pasta," alimwambia. "Trela haimalizi meno. Tairi yake inazeeka ikisimama tu. Angalia inaweza kubeba uzito gani, na ilizaliwa mwaka gani."

Lakini kabla hajachagua, Jumapili ilifika, na Mzee Bedan, mmoja wa waumini, akaingia kanisani akibingirisha tairi nne hadi madhabahuni. Zilikuwa nyeusi tii, na vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Vigelegele vikapasua mabati. Pasta akaziwekea mikono, akaziombea moja baada ya nyingine. Na kwa desturi yao, kilichowekwa madhabahuni hakikaguliwi, wala hakirudishwi.

Baada ya ibada Kaloki alipiga magoti kando ya zile tairi. Akatafuta ile namba ndogo ya mwisho: 2200. Juma la ishirini na mbili, mwaka wa elfu mbili. Akafumba macho, akapitisha kidole. Chini ya weusi ule palikuwa pakavu kama mkate wa juzi.

"Mzee, hizi ulizinunua lini?"

"Kitambo. Nilitaka trela ya kubeba nyanya kutoka Illasit, Mungu hakutaka. Zimekaa nje pale kwangu, lakini hazijaguza barabara hata siku moja!" Mzee alisema kwa furaha, wala hakuwa akidanganya.

"Jua ndilo limezikula," Kaloki alimwambia Pasta pembeni. "Na Magadi ni moto. Mteremko wote ule, watu wanane."

"Ndugu Kaloki, zimeombewa. Niende nimwambie mzee nini?"

Nyumbani, Nthambi naye, "Baba Mwongeli, usiniaibishe. Kila mtu yuko na furaha, wewe uko na kidole."

Kaloki aliomba kitu kimoja tu: trela ijazwe magunia ya mahindi, uzito wa safari, ivutwe hadi Isinya na kurudi, mchana, bila mtu ndani. Wakakubali. Jumanne Mzee Bedan aliivuta mwenyewe. Alirudi saa nane akipiga honi, tairi zote nne nzima.

"Fundi!" alipaza sauti akishuka. "Zimekufa ama ziko hai?"

Wakacheka wote. Kaloki alizunguka akigusa. Tatu zilikuwa na joto la kawaida. Ya nne, ya kushoto nyuma, alipoiwekea kiganja aliondoa mkono haraka. Ubavuni ilikuwa imetoa uvimbe kama yai la kanga.

"Hako kadogo katarudi ikipoa," alisema mmoja wa akina mama. "Kesho tunaenda."

Kaloki akatoa valvu. Upepo ukatoka ukipiga mluzi, nao wakadhani anapima. Akatoa ya pili, ya tatu, ya nne. Trela ilipokuwa imelala chini akachukua kisu chake cha kukatia mpira, akazipasua zote ubavuni, bila haraka, macho wazi.

Mzee Bedan alivua kofia kama aliye matangani. Pasta alisema kwa sauti ndogo, "Umekata sadaka, Kaloki."

"Nimekata, Pasta."

Safari ikaahirishwa. Kaloki akaondolewa kwenye kazi ya kupokea wageni mlangoni pa kanisa. Watu wakawa wanapita mbele ya mabati yake wakitazama upande wa pili. Naye angewaambia nini? Hakukuwa na ajali, hakukuwa na jeneza. Hakuwa na cha kuwaonyesha.

Nthambi hakumsemesha siku tisa. Siku ya kumi alikokota ile tairi ya kushoto nyuma, iliyopasuliwa, hadi uani, akitaka kuwatengenezea kuku chombo cha maji. Alipouvuta mpira, ukamfuata mkononi, tabaka kwa tabaka, kama chapati. Ndani nyuzi zilikuwa zimeachana, na zilimwagika miguuni pake kama unga.

Kisha akaja na kikombe cha strungi, akakiweka mbele ya mumewe.

"Baba Mwongeli," aliuliza, "dirisha langu si lilikuwa juu ya ile tairi?"

Kaloki alipokea kikombe. "Ndiyo," alisema.