Hemed na Harufu ya Iliki

Hemed alikuwa mpika mahamri, na wachache walipita asubuhi mbele ya kihoteli chake pale Bondeni, Nakuru, bila kugeuza shingo. Iliki aliitwanga mwenyewe, na harufu yake ilikuwa imemwingia kwenye shati, kwenye nywele, hata viganjani. Najwa mkewe aliipenda hiyo harufu kuliko manukato yoyote.

Najwa alipopatikana na saratani ya titi, Hemed aliapa kwamba hatamwacha akae peke yake. Kila siku ya kemo, ile dawa ya saratani, alizima jiko mapema, akakimbia hospitali bila kubadilisha nguo, akaketi kando ya kitanda amemshika mkono huku dawa ikidondoka mshipani. Dawa ile ilimtapisha Najwa mpaka akabaki mifupa. Hemed ndiye aliyemshikia beseni, na ndiye aliyempangusa mdomo.

Mungu akajalia, daktari akasema uvimbe umeisha. Majirani wakaleta pilau. Kesho yake Hemed alitoka kazini akainama kumbusu mkewe shavuni. Najwa akaruka kama aliyeguswa na moto, akakimbilia choo, akatapika.

"Labda ni chakula," alisema akijifuta machozi.

Hakikuwa chakula; ilikuwa harufu ya iliki. Hemed akaanza kuoga kabla ya kuingia ndani, akaacha kutia iliki, wateja wakanung'unika. Haikusaidia. Mwili wa Najwa ulikuwa umeshajifunza mengine: viatu vya Hemed vikikwaruza ngazini, kikohozi chake mlangoni. Akivisikia tu, moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka. Ikafika mahali saa ya mumewe kurudi anajifungia chumbani.

Wakaenda kwa Jeruto, mshauri wa hospitali.

"Dawa ilikuwa inakuumiza, na kila mara Hemed alikuwa hapo kando yako," Jeruto alimweleza Najwa. "Mwili ukaunganisha hizo vitu mbili. Sasa ukimsikia yeye, mwili unangoja dripu, na dripu haiko."

"Lakini nampenda!"

"Si mapenzi imeisha, dada. Ni mwili imeshika somo mbaya. Msikimbiane, maana ukikimbia hofu inanenepa. Muanze mbali, kidogo kidogo, mwili ijionee mwenyewe kwamba akija, hakuna kitu mbaya inafuata."

Wakajaribu. Hemed alikaa uani wakaongea dirishani. Baadaye akakaa kizingitini. Alasiri moja wakanywa chai meza moja, Najwa akacheka kama zamani, naye Hemed, kwa furaha, akajisahau akamshika mkono. Uso wa Najwa ukageuka. Alimtazama mumewe kama mtu anayemtazama nyoka, kisha akatapika pale pale mezani.

Hemed akafungasha nguo.

"Usiende," Najwa alimsihi akiwa kwenye kona ya chumba. "Jeruto alisema hofu inaweza kurudi, halafu itapungua tena. Tuvumilie."

"Siwezi kuwa ugonjwa wako, Najwa."

Akahamia Rongai, akafanya kazi kwenye ghala la mahindi la binamu yake Zayed. Waliongea kwa simu kila jioni, kwa kuwa sauti ya simuni haikumdhuru Najwa. Naye Najwa hakukaa bure. Alinunua iliki, akaianika dirishani, kisha akaitia kwenye chai, ingawa vikombe vya mwanzo alivimwaga. Akalitoa kabatini shati ambalo Hemed alilisahau, akalivaa akifagia nyumba.

"Nimelala nalo jana," alimwambia siku moja, sauti ikiruka kwa furaha. "Nililala mpaka asubuhi. Njoo nyumbani, mume wangu."

Hemed akaja. Alifika getini, akasikia komeo la mlango likifunguliwa na Najwa akiita, "Ni wewe?" Hapo kifua kikambana. Kabla hajamwona, aliuona ule uso wa mezani, macho yale yaliyomtazama kama nyoka. Pumzi ikamwishia. Akageuka, akaondoka akitembea haraka, kisha akakimbia.

Najwa alisimama mlangoni na shati lile mwilini, akimwita kwa jina mpaka sauti ikageuka kilio. Hemed hakugeuka.

Bado anafanya kazi Rongai. Jioni simu inapolia, Zayed humsogezea. Zamani Hemed aliipokea. Siku hizi anaiacha ilie mpaka ikatike, huku akipanga magunia haraka haraka, maana sasa hata mlio wake humletea ule uso wa mezani.