Bakuli la Ilinca

Ilinca alipofariki, vitu vyake viligawiwa siku ya arobaini, kama inavyofanywa kwa kila mtu kijijini. Koti lilikwenda kwa binti wa fundi viatu, mto na blanketi kwa mjane wa ng'ambo ya mto, na kila aliyepokea alijibu, "Mungu amsamehe." Kitu cha marehemu hakipokewi kwa asante. Kinachotolewa huku kwa jina lake ndicho atakachokuwa nacho huko aliko.

Mama yake, Saveta, alivigawa kwa mkono wake mwenyewe, na majirani walimsifu kwa kutobana mkono. Lakini bakuli hakulitoa.

Lilikuwa bakuli la udongo kutoka Horezu, mji wa wafinyanzi, lenye jogoo katikati, na Ilinca alinywea supu humo tangu akiwa mdogo. Alikuwa na tabia ya kumkwangua jogoo kwa kijiko, hata jicho lake likafifia na kubaki kama doa la maziwa. Saveta alilisukuma bakuli kabatini, nyuma ya mitungi ya matango ya siki, akajiambia atalitoa mwaka ujao. Mwaka ujao ukaja ukapita.

Ndipo Ilinca alipoanza kumjia, mara nyingi mchana, Saveta akisinzia karibu na jiko. Alikaa mezani amekinga viganja, na mtu ambaye Saveta hakumwona alikuwa akimmiminia supu. Supu ikavujia katikati ya vidole. Ilinca hakulia wala hakulalamika. Alimtazama mama yake tu, kama anayengoja zamu yake dukani.

Saveta alielewa. Mtoto hakuwa na chombo. Ila angelipeleka wapi bakuli sasa? Kila nyumba ilikuwa inalijua lile bakuli. Wangesema, kumbe alilificha muda wote huu, mtoto akala kwa mikono. Aibu ilimfunga kinywa.

Hali ilikuwa hivyo pale Otilia, binti yake mdogo aliyebaki, alipochaguliwa na shule yake kwenda kusoma Japani kwa mwaka mmoja, akae na familia moja iitwayo Kuwabara. Mwalimu alisema ni lazima apeleke zawadi ya nyumbani, si ya gharama, wala isiwe kisu, wala vitu vinne kwa pamoja, maana huko nne ni namba ya mauti. Kwa majuma kadhaa nyumba nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Nelu, baba yake, alishikilia chupa ya pombe yake ya plamu.

"Wakinywa hiyo, baba, watasahau kwamba wana mgeni," Otilia alimwambia.

"Vizuri. Hawatakuamrisha kuosha vyombo."

Saveta alitaka taulo la kufumwa, kisha akalikataa mwenyewe, maana taulo hupewa wabeba jeneza. Kila alichokishika kilikuwa na harufu ya msiba. Mwishowe Otilia akachagua bakuli sokoni, kwa yule yule mfinyanzi wa bakuli la Ilinca, lenye jogoo yule yule. Saveta aliliona mkononi mwa binti yake, akageuka kulitazama kabati.

Asubuhi ya safari, Otilia alipokwenda kuagana na marafiki, Saveta alifungua sanduku. Alilifungua bakuli jipya kutoka kwenye sweta lililoviringishiwa, akaliweka la Ilinca mahali pake, na lile jipya akalisukuma kabatini. Huko mbali hakuna atakayelijua. Mtoto atapata chombo chake, na kijiji hakitapata la kusema. Alijaribu kutamka yale maneno, kwamba hiki ni kwa roho ya Ilinca, lakini hakukuwa na mtu wa kuyapokea. Akafunga zipu.

Tangu siku ile Ilinca hakumjia tena. Saveta alimshukuru Mungu, hata akanenepa kidogo.

Kisha ukaja msimu wa plamu, na wifi yake Paraschiva akaja kumsaidia kupika jemu. Paraschiva alikuwa mtu wa kukoroga sufuria na habari kwa mwiko mmoja. Alimsimulia juu ya mwanamke wa kijiji cha jirani aliyempa msafiri koti la marehemu mumewe bila kumwambia ni la nani. Yule msafiri hakupata usingizi tena, kila alikolala aligongewa dirisha.

"Sadaka ni maneno, wifi," Paraschiva alisema. "Mmoja anatoa, mwingine anamwombea marehemu, mlango unafungwa. Ukitoa kimyakimya, kitu kinaondoka na mwenyewe."

"Hadithi za kutishia watoto hizo."

"Haya. Na jemu yako inaungua."

Saveta alitazama sufuria. Ilikuwa imeshika chini, nyeusi.

Basi hii ndiyo sababu Ilinca hakuja tena. Hakushiba. Alihama. Alikuwa amelifuata bakuli lake hadi kwenye ile nyumba, chini ya paa moja na Otilia. Saveta alijikuta akihesabu pumzi za binti yake kwenye simu, akimuuliza kama anakula, kama anahisi baridi, kama dirisha lake linafungika vizuri. Otilia alicheka na kusema mama amekuwa daktari wa madirisha.

Jumapili moja hakucheka. Alisema amemwota Ilinca. Alikuwa ameketi pembezoni mwa godoro, miguu ameikunja, anamtazama.

"Alikwambia nini?" Saveta aliuliza.

"Hakusema kitu. Alikuwa kama anangoja."

Nelu alikuwa uani akipasua kuni. Saveta aliusukuma mlango kwa mguu ukafungika. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa na mtoto mmoja tu wa kupoteza.

"Otilia, mwanangu, nisikilize. Lile bakuli si lile ulilonunua. Ni la dada yako. Niliwapa watu wale kitu cha marehemu bila kuwaambia. Waombe radhi, ulichukue, ulivunje, ulitupe mtoni, sijui, ila usilale nalo nyumba moja."

Saveta aliisikia mvua ya huko kwenye simu, na hapa nyumbani jua lilikuwa linawaka.

"Najua ni lake, mama," Otilia akasema. "Nililijua siku nilipofungua sanduku. Jogoo hana jicho."

"Na ukawapa?"

"Nilishindwa kulirudisha ndani. Mama Kuwabara alilipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo moja kwa moja mbele ya picha ya babu. Wana kabati dogo la wafu wao pale sebuleni. Zawadi yoyote ikija huanza kwa babu, wengine baadaye. Basi likakaa pale. Sikuwaambia la nani."

"Waambie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama yangu, nakuomba. Waambie ni la nani, na waambie jina lake."

Otilia aliiacha simu wazi. Saveta alisikia nyayo, sauti ya mwanamke ikiuliza kitu polepole, sauti ya Otilia ikijikwaa katika lugha ile ngeni. Kisha kengele ndogo, mlio mmoja mwembamba uliochukua muda mrefu kuisha.

"Ametia wali wa moto ndani yake," Otilia alinong'ona aliporudi. "Amemwambia babu kwamba kuna mgeni, ampokee. Amelitaja jina lake, mama. Amekutanisha viganja."

Saveta alitaka kusema asante, akajizuia. "Mungu awasamehe wote wawili, yeye na babu," alisema.

Otilia hakumwota tena.

Saveta yeye aliota mara moja, alasiri, jiko likiwa limezimika. Ilinca alikuwa mezani, lakini meza haikuwa ya kwao. Ilikuwa fupi, na mbele yake palikuwa na bakuli la jogoo lililojaa wali unaofuka moshi. Pembeni yake aliketi mzee ambaye Saveta hakumjua, akimsogezea kisahani cha kachumbari. Ilinca alikuwa anakula kama mtu aliyetoka shambani. Saveta alimwita. Alimwita tena kwa jina lake la utotoni. Mzee ndiye aliyeinua kichwa, akamwinamia kwa heshima. Ilinca hakugeuka.

Bakuli jipya bado liko kabatini, nyuma ya mitungi ya matango. Hakuna aliyewahi kula humo. Alasiri, kazi zikiisha, Saveta hulitoa, akaliweka mezani, akakaa karibu na jiko na kufumba macho. Husubiri hadi Nelu anapoingia na kumuuliza kama amelala.

"Hapana," humjibu. "Hakuna aliyekuja."