Nililala Umoja nikigawanya 1,111,111

Wakuu, niaje. Hii ni yangu mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mwaka jana nilikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, so daktari akasema hii nilale tu mpaka wakati ufike. Bwanangu Kyalo ni dereva, mchana hayuko. Mamake akatoka Machakos kuja kukaa na mimi. Ni mwalimu wa hesabu, amestaafu.

Tunakaa mtaa wa Umoja, third floor. Jua likipita kwa pazia ya manjano, nyumba yote inakuwa rangi ya chai. Huko chini unaskia mtu akiuza ndizi, mwingine akipiga carpet vumbi. Mimi nimelala, naogopa hata kukohoa.

Siku moja Mama akaniuliza, "Ukipanga moja mara saba zifuatane, hiyo namba ni tasa ama si tasa?"

Nikafunga macho. Shangazi ya Kyalo aliwahi kuniita hivyo kwa harusi, watu wakiskia.

Mama akaona. Akaketi kitandani.

"Pole mwanangu. Prime kwa Kiswahili ndio hiyo. Namba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mtu haitwi hivyo."

"Nipatie hiyo namba," nikamwambia.

Calculator alikataza. Nilifanya kwa kichwa, ama kwa kidole juu ya shuka.

Nagawanya kwa tatu, inabaki moja. Saba, inabaki moja. Kumi na moja, moja. Kumi na tatu, moja tena!

Hiyo moja ilinifuata mpaka usingizini. Naiona ikielea kwa ule mwanga, mtoto akijigeuza tumboni polepole. Wiki zikapita. Saa zingine sikujua kama nagawanya ama naota.

Kimoyomoyo nikaanza kuamini kwamba ikigawanyika, mtoto atakaa. Msinicheke. Mtu akiogopa hushika chochote.

Alasiri moja nikafika 239. Nikashusha, nikashusha... sufuri. Nikarudia. Sufuri. Inaingia mara 4,649.

"Mama!"

Akaja mbio na mwiko mkononi, akafunua shuka akitafuta damu.

"Si tasa," nikasema. Nikalia vile sijawahi kulia. Yeye akaketi sakafuni, akacheka huku akipangusa macho na leso.

Msichana wetu alizaliwa mwezi uliofuata, mzima. Mama alipokuja wodi, akaniambia hilo jibu alilijua tangu akiwa mwalimu.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelala ukiwaza nini?"

Lesson yangu ni hii: namba haikuokoa mtoto. Ingekuwa tasa, bado angezaliwa. Lakini hofu ikikosa kazi inakula mwenyewe, na kuna mtu aliketi akaitafutia yangu kazi.

Na wewe, ulipongoja kitu ukitetemeka, nani alikaa na wewe? Andikeni hapo chini. Nitasoma zote huyu mdogo akishalala.