Neno Nililolisikia Vibaya Al Hail

Niliondoka Dar es Salaam kwa ajili ya kijana ambaye sikuwahi kumtia machoni. Sisi wanawake wachache tuna nyumba Temeke tunakowahifadhi vijana waliofukuzwa kwao kwa kupenda wenzao wa jinsia moja. Tunawapa kitanda, chakula na mtu wa kuongea naye. Bi Zuwena wa Maskati, wa ukoo uliohamia kutoka Zanzibar, alipewa namba yetu na mtumishi wake wa ndani, Mtanzania ambaye mdogo wake tuliwahi kumtunza. Akapiga simu, sauti chini kabisa: "Ami yake keshasikia maneno. Ijumaa anampeleka milimani, kwa watu wa kumnyoosha. Mara ya kwanza karudi mkono umevunjika. Njoo unitolee mwanangu." Pasipoti ya kijana ilikuwa kwa huyo ami, ndugu wa baba yake na mlezi wa nyumba tangu baba mtu afariki.

Mimi ni mwoga, sifichi.

Uwanja wa ndege wa Seeb, Maskati, mchana. Afisa aliitazama viza yangu, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nilisema nimekuja matembezi, jasho likinitiririka na kiyoyozi kile kikali. Bi Zuwena alinipokea nje, mwembamba, vidole vya baridi. Garini hatukusema kitu mbele ya dereva.

Al Hail, nyumbani kwa Bi Zuwena, alasiri. Tulipoingia sebuleni, ami alikuwa ameshaketi. Hatukumtegemea. Bwana Suleiman, kanzu nyeupe, bakora kando ya goti. Nasri, kijana mwenyewe, alikuwa akimimina kahawa, na mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa.

"Nani huyu?" ami akauliza.

"Shoga yangu, katoka Dar es Salaam," Bi Zuwena akajibu.

Jamani! Mimi mtu wa Morogoro. Kwetu bara, shoga ndilo tusi wanalotupiwa vijana wangu kabla ya mawe. Nikajua mama ametusaliti. Ulimi ukaniponyoka: "Hapana! Mimi simo kwenye mambo ya ushoga! Na kijana hana neno lolote!"

Hapo ndipo nikakumbuka, nimeshachelewa, kwamba kwa hawa Wazanzibari mwanamke humwita rafiki yake shoga, basi.

Ami aliweka finjani chini. "Kijana gani? Na shoga kwenu ni nini, hata unalikimbia hivyo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bi Zuwena akacheka kicheko kikavu. "Wabara hao, shemegi. Kwao shoga ni mshenga. Nilimwambia asiseme kitu mpaka wewe uwe radhi."

"Mshenga wa nani?"

"Wa Nasri. Kuna binti huko, wa watu wema."

Ami alimgeukia Nasri. Mkono ukasogea kwenye bakora. Ukaipita, ukaichukua finjani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ndoa itamtuliza. Mbona hukunambia? Nilikuwa nampeleka mlimani bure."

Siku ya kuondoka mimi na Nasri kwenda kumposa binti, ami mwenyewe alileta pasipoti, akaapa kutusindikiza. Kila hatua pale uwanjani nilingoja akili imrudie. Mama mtu alimkumbatia mwanawe muda mrefu mno kwa safari ya posa, nikamkanyaga mguu, maana ami alikuwa anaangalia. Kisha ami akamshika Nasri bega, akasema kwa sauti ya furaha mbele ya maafisa: "Msikilize shoga wako. Shoga ndiye atakayekufikisha."

Ndegeni, Nasri alitazama dirishani mpaka majabali ya Maskati yakapotea. "Mama Eliza, huko kwenu neno lile husemwa vipi?"

"Kwa kutukana, mwanangu."

"Basi ami ndiye wa kwanza kuniambia neno hilo kwa kheri." Akacheka, kisha akalia mpaka nikamfunika khanga yangu.

Tulirudi Temeke salama. Mkono wake unanyooka kidogo kidogo, na siku hizi anapika wali wa kila mtu. Nilichojifunza ni kuuma ulimi kwanza, mpaka nijue neno limetoka kwa nani. Lakini Bi Zuwena bado yuko Al Hail, akimwambia shemeji yake kwamba wazee wa binti hawajakubaliana mahari. Iko siku maneno yatamwishia. Simu ya mbali ikilia, mimi na Nasri tunatazamana, na hakuna anayenyanyuka kuipokea.