Treni ya Kaisa

Kazi ya Reino Lahti ilikuwa kuwakutanisha watu na safari zao, na yeye mwenyewe hakuwa na wa kukutana naye. Nasema hivyo kwa uchungu, maana meza yangu ilikuwa ubavuni mwa yake katika ofisi ya mipango miji, na hata mimi nilichelewa kumjua. Alikuwa akichora kituo kikuu cha katikati ya mji wetu, huku kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, kando ya ziwa. Mabasi ya mjini, mabasi ya mbali, teksi, baiskeli na treni, vyote chini ya paa moja, ili mtu abadilishe safari bila kukanyaga theluji.

Jumamosi aliwasha kwa kuni sauna yake, kile chumba cha kuogea mvuke, akaketi humo peke yake, kisha akaoka mkate wa iliki mkubwa kupita tumbo la mtu mmoja. Jumatatu mkate ulikuja ofisini. Tuliula, tukamsifu, tukarudi kwenye kompyuta zetu. Wajanja sana sisi.

Habari za teksi na baiskeli alizijadili kwa utulivu. Treni ndiyo iliyomshika roho. Mji ulikuwa haujaona treni ya abiria tangu tukiwa wadogo. Binti yake, Kaisa, anaishi jiji la Minneapolis, na kwa sababu ya kifafa haruhusiwi kuendesha gari. Mama yake alipofariki, alimwambia Reino, "Treni ikirudi, baba, nitakuwa nakuja kila mwezi." Reino akalichukua neno hilo akalichorea jukwaa la kupandia treni.

Mdomo wangu hauna breki. Siku moja nikamwuliza, "Reino, si kuna basi la kila siku kutoka huko?"

"Basi linamchosha," alisema bila kuinua macho.

Ratiba ya basi hilo ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya kichwa chake. Nilimhurumia hadi nikamkasirikia.

Ukafika mkutano wa wananchi, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Tulitundika ramani, na kila anayeingia alikuwa apewe stika za duara: za kijani abandike anachokipenda, nyekundu asichokitaka. Milango ilikuwa haijafunguliwa nilipomfuma Reino akibandika ya kijani kwenye jukwaa la treni.

"Wewe, mpanga miji hapigi kura."

"Si yangu, ni ya Kaisa," alisema. "Yuko mbali."

Hiyo ndiyo ya kijani pekee iliyobaki pale. Watu walikula mkate wake wa iliki, wakafuta vidole, wakalijaza jukwaa stika nyekundu kama surua. Kisha akasimama Orville Sundquist, fundi bomba mstaafu, mzee mwenye ulimi.

"Kijana," alimwambia Reino, ambaye naye alikuwa karibu kustaafu, "nitajie mtu mmoja atakayepanda hiyo treni. Mmoja tu, mwenye jina."

"Kaisa," alisema Reino. "Binti yangu."

"Na sasa hivi anakujaje?"

"Haji."

"Kwani basi limekufa?"

Ukumbi ukacheka. Reino naye akatabasamu, kwa adabu, kama aliyechekeshwa na jambo la mwingine. Orville alipouona uso ule aliketi taratibu. "Samahani, bwana," alisema, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Wiki hiyo madiwani waliliondoa jukwaa kwenye mpango, na Reino mwenyewe ndiye aliyelifuta mchoroni. Ilikuwa Ijumaa. Jioni nilimpa lifti. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo simu yake ilisikika gari zima.

"Kaisa, treni wameikata."

"Oo, pole, baba. Na mimi nilikuwa naisubiri kweli."

Miaka yote mazungumzo yao yaliishia mahali kama hapo. Safari hii Reino aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kuna basi, mwanangu," alisema. "Linafika saa kumi jioni. Nitakuwa nimesimama pale pale mlangoni mwa basi."

Waipa za kioo zilisukuma theluji huku na huku.

"Najua, baba," alisema Kaisa. "Najua kuna basi."

Hakusema kwa ukali.

"Haya, mwanangu. Ulale salama."

Nilisimamisha gari mbele ya nyumba yake. Akanishukuru kwa lifti, akashuka.

Jumatatu hakuja na mkate. Ratiba ya basi haikuwepo tena ukutani. Aliketi, akafungua mchoro, akaniuliza pale palipokuwa jukwaa tuweke nini.